Kano ya Mkono wa Kulia: Tommy John na Kazi ya Mrushaji wa Besiboli

Ndugu walimu wa michezo, wazazi wetu, nanyi vijana mliokaa huku mbele na glavu zenu: kabla sijasema lolote, kila mtu anyooshe mkono mmoja, kiganja kitazame juu. Gusanisheni kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunjeni kiganja kidogo kuelekea kifuani. Sasa tazameni pale penye kifundo, katikati. Wengi mtaona kano imejichomoza chini ya ngozi kama uzi uliovutwa. Wengine hamtaona kitu, na msishtuke, si ugonjwa. Wapo wanaozaliwa bila kano hiyo na hawajui mpaka siku wanapoambiwa waitafute, na wapo walio nayo mkono mmoja tu.

Kazi yake ni ndogo mno. Ukiiondoa, mkono utashika jembe, kalamu na sufuria vilevile. Lakini tarehe 25 Septemba 1974, huko California, daktari Frank Jobe aliitoa kwenye mkono wa kulia wa mrushaji mmoja wa besiboli akaifunga ndani ya kiwiko chake cha kushoto, cha mkono wa kurushia, mahali pa ligamenti iliyokatika, yaani utepe unaoshika mfupa kwa mfupa. Mrushaji huyo ni Tommy John. Leo Marekani jina lake linatajwa kila wiki na watu wasiojua hata alichezea timu gani, maana limegeuka kuwa jina la upasuaji. Mtu anasema "amefanyiwa Tommy John" kama vile unavyosema amefungwa plasta.

Nina ugomvi kidogo na sifa hizo. Zote zimepewa kisu. Kisu kilifanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ilifanywa na mwaka 1975, ambao John hakucheza hata mechi moja, na pia na namna yake ya kurusha, ambayo vijana wa leo wanaidharau.

Tuanze na tendo lenyewe, kwa sababu asiyejua mkono unafanya nini hataelewa kwa nini unakatika. Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo chenye kimo cha sentimita 25, mguu wake ukigusa kipande cha raba chenye urefu wa sentimita 61. Mbele yake, mita 18.44, kuna sahani iliyolazwa chini yenye upana wa sentimita 43. Nyuma ya sahani amechuchumaa mdakaji, na ubavuni mwa sahani amesimama mpigaji na rungu lake. Mpira una gramu 142 hadi 149, mzingo wake kama sentimita 23. Ndani una kizibo na raba, umezungushiwa nyuzi za sufu, juu una ngozi ya ng'ombe yenye mishono 108 ya uzi mwekundu. Ukirushwa kwa kilomita 150 kwa saa, unamfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4.

Wanaojua kriketi watakumbuka kwamba mrushaji wa huko haruhusiwi kukunja kiwiko kisha kukinyoosha wakati wa kuachia mpira. Katika besiboli kiwiko kinakunjwa, na balaa lote liko hapo. Mfano ulio karibu zaidi kwetu ni mkuki. Mliomwona Julius Yego wa Kenya akitupa mita 92.72 kule Beijing mwaka 2015 mmeshaliona tendo: mguu wa mbele unapigwa chini kama breki, nyonga inazunguka, kifua kinafuata, mkono unabaki nyuma kabisa, halafu unachapwa mbele kama mjeledi. Watupa mkuki nao huumia ligamenti ileile ya kiwiko. Tofauti ni hesabu. Kwenye fainali, mtupa mkuki ana mitupo 6. Mrushaji wa besiboli anayeanza mechi hurusha mara 90 hadi 100, bila kuhesabu mirusho ya kupasha mwili, na baada ya siku 4 za kupumzika anapanda tena kichuguu.

Kuanzia mguu wa mbele unapokanyaga hadi mpira kuachiwa ni kama sekunde 0.15. Katika muda huo bega hulala nyuma mpaka kigasha, yaani mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, kinakaribia kuelekea mgongoni, kisha hugeuka mbele kwa kasi inayofikia nyuzi 7,000 kwa sekunde. Hakuna kiungo kingine cha mwanadamu kilichopimwa kikizunguka haraka kuliko hapo. Kiwiko kinakaa katikati ya vuta nikuvute hiyo. Upande wake wa ndani, ule unaogusa mbavu ukishusha mkono, kuna ligamenti fupi inayounganisha mfupa wa mkono wa juu na mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole cha mwisho. Ndiyo inayozuia kiwiko kisifunguke kwa pembeni.

Mzigo wenyewe umepimwa maabara, na kwa warushaji wakubwa unazunguka nyutoni-mita 64. Namba hiyo haisemi kitu kwa wengi wetu, kwa hiyo fikirieni hivi: mkono wa juu umeshikwa usisogee, kigasha kimelazwa kwa ubavu, na kiganjani imening'inizwa ndoo ya maji ya lita 20. Hiyo ndoo ndiyo inayoning'inia kila mrusho. Sasa sikilizeni jambo la pili, maana ndilo shina la hotuba hii. Ligamenti hiyo ikitolewa na kuvutwa peke yake hukatika kwa takriban nusu ya mzigo huo. Kwa hiyo kila mrusho wa nguvu ungetosha kuikata. Mbona haikatiki? Kwa sababu misuli ya kigasha, ile inayokunja kiganja na vidole, inakaza wakati uleule na kubeba sehemu ya mzigo. Misuli ikichoka, inaacha kubeba, na ndoo yote inaangukia ligamenti. Kwa hiyo mkioneshwa mrusho ambao "ulimkata", ulizeni mirusho 30 iliyoutangulia ilirushwa na mkono wa hali gani.

Kuna makosa ya mwili yanayoongeza mzigo, na mwalimu anaweza kuyaona kwa macho. Kiwiko kuwa chini ya usawa wa bega mguu unapokanyaga. Kifua kufunguka mapema, nyonga haijamaliza kuzunguka, hivyo mkono unaburutwa nyuma. Mguu wa mbele kukanyaga nje ya mstari unaoelekea kwenye sahani. Mkichukua video kwa simu, simameni upande ambao kifua cha mrushaji kinautazama kabla hajarusha, msimamishe picha mguu unapogusa chini, mtaona yote hayo bila kifaa cha gharama.

Sasa turudi kwa mtu wetu. Thomas John alizaliwa tarehe 22 Mei 1943 huko Terre Haute, Indiana. Klabu ya Cleveland ilimsaini mwaka 1961, akaingia Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani mwaka 1963, akahamia Chicago White Sox mwaka 1965, na mwishoni mwa 1971 akapelekwa Los Angeles Dodgers. Hakuwa mtu wa mwendo. Mali yake ilikuwa mpira unaozama: vidole viwili vimelazwa juu ya mishono pale inapokaribiana, mpira unakuja kama ulionyooka, halafu unaporomoka karibu na magoti. Mpigaji anaugonga upande wa juu, unabingirika ardhini, wachezaji wa uwanja wa ndani wanauokota. Mrusho mmoja, mpigaji mmoja anatolewa nje. Pengine wawili.

Tarehe 17 Julai 1974, kwenye uwanja wa Dodgers, dhidi ya Montreal, zamu ya tatu kati ya tisa za mechi. Msimu ule alikuwa ameshinda mechi 13 na kupoteza 3, maana ushindi na kushindwa huandikwa kwa jina la mrushaji. Alirusha mpira, kiwiko kikaachia. Akajaribu tena mara moja, kisha akatoka mwenyewe uwanjani. Kabla ya siku ile, maumivu ya namna hiyo yaliitwa tu "mkono umekufa", na mwenye nao alirudi kwao kutafuta kazi nyingine. Miaka 8 nyuma, katika klabu hiyohiyo, Sandy Koufax aliacha mchezo akiwa na miaka 30, baada ya msimu wa kushinda mechi 27, kwa sababu kiwiko chake kilikuwa kimeharibika kwa baridi yabisi. Ugonjwa tofauti, lakini inaonesha mlango ulivyokuwa umefungwa.

Jobe alimwambia John kwamba nafasi ya kurudi kurusha ni moja kati ya 100. Kisha akafanya hivi. Alifungua kiwiko upande wa ndani, akatoboa matundu kwa keekee kwenye mfupa wa juu na wa chini, akaipitisha kano ya mkono wa kulia ndani ya matundu hayo kwa umbo la namba 8, akaikaza na kuishona. Wazo lenyewe halikutoka hewani: kano zilikuwa zikihamishwa kwenye mikono na miguu ya wagonjwa wengine, walioumwa polio wakiwemo. Jipya lilikuwa kuipeleka kwenye kiwiko kitakachobebeshwa ndoo ile tena.

Na haikwenda vizuri mara moja. Neva inayopita nyuma ya upande wa ndani wa kiwiko, ileile inayokutia ganzi ukijigonga kwenye ukingo wa meza, ilidhurika. Kiganja kikajikunja kama kucha za ndege, vidole vikafa ganzi. Desemba 1974 ikabidi afunguliwe mara ya pili ili neva ihamishwe. Wanaosimulia habari hii kama muujiza wa siku moja huiruka Desemba.

Mwaka 1975 wote alikuwa anajifunza upya kurusha. Mwenzake Mike Marshall, mrushaji aliyesomea elimu ya mwendo wa mwili, alimsaidia kubadili namna ya kupeleka mwili mbele ili mkono usifanye kazi peke yake. Hakukuwa na ratiba iliyoandikwa popote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupita njia hiyo.

Leo ratiba ipo, na niitaje kwa sababu nasikia watu wakisema "mwaka mmoja" kana kwamba ni kukaa kitandani. Siku za mwanzo mkono umefungwa gango. Kisha unavaliwa kifaa chenye bawaba kinachofunguliwa pole pole, hadi kama wiki ya 6, huku mgonjwa akikamua mpira laini kiganjani na kufanyisha bega kazi. Baada ya hapo uzito mdogo kwa kigasha, bega, na zaidi sana mgongo, tumbo na miguu. Mrusho wa kwanza huja mwezi wa 4 au wa 5: umbali wa mita 14, mirusho 25, pumzika dakika chache, mirusho 25 mingine, basi. Siku inayofuata hagusi mpira. Hatua ya pili ni umbali uleule, seti tatu za 25. Isipouma, mita 18. Halafu 27, 37, 46, 55, kila umbali na hatua zake. Ikiuma, anarudi hatua moja nyuma, na hakuna ubishi. Kichuguu ni karibu na mwezi wa 9, kwanza kwa nusu ya nguvu na mpira ulionyooka tu. Mechi ni kati ya mwezi wa 12 na wa 18.

Yanayoharibika huharibika mwezi wa 7 au wa 8. Mkono hauumi, misuli imejaa, kijana anajisikia mpya. Lakini ile kano bado inajigeuza: mishipa midogo ya damu inaingia, nyuzi zake zinajipanga upya ili zifanye kazi ya ligamenti. Kutouma si kupona. Akirusha kwa nguvu zote wakati huo kwa sababu meneja anatazama, anaweza kurudi kwa daktari. Na kuna uvumi kwamba upasuaji unaongeza kasi. Hakuna uzi wa kasi unaoshonwa mle ndani. Anayerudi akiwa na kasi zaidi ameipata kutokana na miezi 12 ya kunyanyua chuma na kulala mapema. Wapo wazazi Marekani walioulizia mtoto asiyeumia afanyiwe upasuaji huu ili apate kasi. Sina neno la heshima la kuliita jambo hilo.

Watu pia husahau mtu wa pili. Jobe hakukimbilia kumpasua mwingine, alingoja aone. Aliyefuata, mwaka 1978, alikuwa mrushaji Brent Strom, na hakurudi tena kurusha Ligi Kuu. Baadaye akawa mwalimu wa warushaji, tena mwalimu hodari. Upasuaji uleule, daktari yuleyule.

John alirudi Aprili 1976. Msimu ule alishinda mechi 10, akapoteza 10, akarusha zamu 207. Mwaka 1977 akashinda 20. Mwisho wa 1978 akaenda New York Yankees, akashinda 21 mwaka 1979 na 22 mwaka 1980. Akapita Anaheim na Oakland, akarudi Yankees, na akiwa na miaka 44, mwaka 1987, akashinda 13 na kupoteza 6. Mwaka 1988 alifanya makosa matatu katika mchezo mmoja wa mpira uleule: akaupapasa, akautupa pembeni, akaunasa uliporudishwa na kuutupa vibaya tena. Alistaafu 1989, misimu 26, ushindi 288. Kabla ya kisu, 124. Baada yake, 164.

Kwa nini mkono uliopewa nafasi moja kati ya 100 ulidumu misimu 14? Kwa sababu mpira unaozama hauhitaji urushwe kwa nguvu zote. Aliwaachia wachezaji wenzake waokote, akamaliza zamu kwa mirusho michache, na misuli ya kigasha ikabaki na pumzi. Mrushaji wa leo analipwa kwa kumkosesha mpigaji mpira kabisa, kwa hiyo kila mrusho anausukuma mpaka ukingoni. Shohei Ohtani, Mjapani anayerusha na kupiga katika Ligi Kuu, amepasuliwa kiwiko 2018 na tena 2023. Kazi yenyewe imegeuka, na ligamenti haijakua kufuatana nayo.

Hesabu ya fedha nayo ina mkono wake hapa. Ili mchezaji awe huru kuchagua klabu anahitaji miaka 6 ya utumishi katika Ligi Kuu, na mwaka mmoja ni siku 172 kwenye orodha ya wachezaji wa Ligi Kuu. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara wa Ligi Kuu kilikuwa dola 760,000 kwa msimu. Madaraja ya chini, kwa mkataba wa 2023, hata daraja la juu kabisa lilianzia dola 35,800. Aliyeumia akiwa tayari Ligi Kuu anaendelea kulipwa mshahara wa Ligi Kuu na siku zake zinahesabiwa. Aliyeumia wiki moja kabla ya kupandishwa hapati hata moja. Ndiyo maana kijana wa daraja la chini huficha maumivu mwezi Agosti. Kwa upande wa pili, mkataba ukishasainiwa, klabu ndiyo inayobeba hasara: Stephen Strasburg alisaini dola milioni 245 kwa miaka 7 baada ya kuipa klabu ya Washington ubingwa wa 2019, akacheza mechi 8 tu baada ya hapo. Mwili ulikataa, fedha zikalipwa.

John hakuingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli la Cooperstown. Mwaka wake wa mwisho kwenye kura za waandishi, 2009, alipata asilimia 31.7, na inatakiwa 75. Jobe aliheshimiwa huko Julai 2013, akafariki Machi 2014. Mimi ningempigia John kura kwa ule mwaka 1975 pekee, lakini kura si yangu.

Nimalizie na watoto, maana wengi wenu mmekuja kwa ajili hiyo. Katika mtoto, sehemu dhaifu si ligamenti bali gegedu la ukuaji mahali ligamenti inaposhikia mfupa. Linavutwa mpaka linaachana. Utafiti uliofuatilia watoto kwa miaka 10 ulionesha kwamba waliorusha zaidi ya zamu 100 kwa mwaka waliumia vibaya mara 3.5 kuliko wengine. Kwa hiyo hesabuni mirusho, si zamu, na mwenye daftari asiwe mwalimu anayetaka kushinda. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014 unasema kwa siku moja: miaka 7 na 8, mirusho 50, miaka 9 na 10, 75, miaka 11 na 12, 85, miaka 13 hadi 16, 95. Kwa walio chini ya miaka 15, mirusho 21 hadi 35 inadai siku 1 ya kupumzika, 36 hadi 50 siku 2, 51 hadi 65 siku 3, na 66 kwenda juu siku 4. Kila mwaka iwepo miezi 4 bila kurusha kwa mkono ukipita juu ya bega, na miwili au mitatu kati yake ifuatane. Acheni wacheze mpira wa miguu.

Dalili za uchovu huja kabla ya maumivu: mipira inaanza kwenda juu, kiwiko kinashuka, mtoto anachukua muda mrefu kati ya mrusho na mrusho, anatikisa mkono. Mtoeni hapo hapo, hata kama daftari linasema amebakiza 20. Akilalamika upande wa ndani wa kiwiko, msimpake dawa ya kuchua na kumrudisha kesho. Asirushe mpaka aonwe na mtu wa mifupa. Na akitolewa kwenye kichuguu, asipewe glavu ya mdakaji siku hiyo, kwa kuwa mdakaji anarudisha kila mpira, na mkono haujui kwamba mmembadilishia nafasi.